Sherehe na shughuli za shule ya kati nchini Marekani: mzazi asaini nini, akatae nini

Swali

"Sisi ni familia kutoka Uvira, Kongo. Tuliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na mwaka jana tuliletwa Kentucky. Binti yetu ana miaka 12, yuko darasa la sita katika shule ya kati ya serikali. Tangu aanze, kila Ijumaa anarudi na karatasi: mara siku ya kuvaa nguo za kulalia, mara Halloween, mara dansi ya jioni, mara tamasha la Desemba, mara klabu, mara timu ya kukimbia, mara sanduku la chokoleti za kuuza. Baba yake ni mzee wa kanisa, naye anasema akatazwe yote kwa sababu hatujui yanatoka wapi. Mtoto analia kwamba wenzake watamcheka. Je, akikosa mambo haya atapunguziwa alama? Ni lazima tulipe? Na ni kipi tunachoweza kukubali bila kukosea imani yetu?"

Jibu

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kukataa. Mpe baba watoto salamu zangu, na umwambie kwamba wasiwasi wake nauheshimu, kwa sababu mzazi anayeulizia asili ya jambo kabla ya kumwachia mtoto anafanya kazi yake ya uzazi. Nitajibu nikianza na alama, kisha nitaeleza asili ya sherehe zenyewe, sheria inasema nini, na mwishoni fedha na namna ya kuiandikia shule.

Katika shule ya serikali, mwanafunzi hapunguziwi alama za somo kwa sababu hakuvaa nguo za kulalia siku iliyotangazwa, hakuja na vazi la Halloween au hakuhudhuria dansi. Mambo hayo ni ya hiari, na hata miongoni mwa watoto waliozaliwa hapa wapo wengi wasioshiriki yote. Katika orodha yako lipo moja tu linaloweza kugusa alama, nalo ndilo ambalo wazazi hulidhania kuwa sherehe tupu: tamasha la Desemba. Ikiwa binti yako amepangiwa kwaya, bendi au okestra, hilo ni somo lililomo katika ratiba yake sawa na hesabu, lina mwalimu wake na alama zake, na walimu wengi huhesabu kupanda jukwaani jioni ya tamasha kuwa ni mtihani wa somo hilo. Asipofika bila taarifa, anaweza kuandikiwa sifuri. Kwa hiyo chukua ratiba yake uitazame. Ukikuta muziki humo, karatasi ya tamasha ni ya masomo na inafaa ijibiwe mapema, hata kama jibu lenu ni kuomba apewe kazi nyingine badala yake.

Mfano huo unaonyesha jambo ambalo ningependa mlishike nyote wawili. Ndani ya rundo hilo la karatasi mmechanganyiwa vitu vya aina mbili. Zipo sherehe, ambazo huja siku moja na kupita, na mtoto asiyeshiriki hapotezi kitu cha kudumu. Na zipo shughuli, yaani klabu, timu, bendi na mashindano ya masomo, ambazo hudumu miezi au miaka, na baadhi yake usipoingia katika umri huu ni vigumu kuingia baadaye. Nimewaona wazazi wetu wengi wakikataa zote kwa pamoja kwa sababu ya Halloween, na hasara ikaonekana miaka mitatu baadaye, mtoto anapofika sekondari hana ala anayoweza kupiga, hana timu, hana mwalimu anayemfahamu nje ya darasa. Halloween yenyewe haikumpunguzia lolote.

Ili kuelewa kwa nini karatasi ni nyingi kiasi hicho, inafaa kujua shule ya kati iliundwa kwa ajili gani. Kwa kawaida ina darasa la sita hadi la nane, watoto wa miaka 11 hadi 14. Iliyotangulia ilikuwa junior high, ambayo mojawapo ya za mwanzo kabisa ilifunguliwa Columbus, Ohio, mwaka 1909, na ambayo kwa sehemu kubwa iliendeshwa kama sekondari ndogo. Kuanzia miaka ya 1960 walimu wakadai shule inayofuata umri wenyewe, umri ambao mtoto anabadilika mwili, anaanza kujilinganisha na wenzake na anatafuta mahali pa kuwa mmoja wao. Binti yako, ambaye pengine alizoea mwalimu mmoja siku nzima, sasa ana walimu sita au saba, na kila kengele inapolia anahama chumba akiwa na watoto tofauti. Shule inajua kwamba mtoto anaweza kupotea katikati ya mahangaiko hayo, na inatumia klabu, timu na siku za mavazi kumfanya ajisikie ni mwenyeji. Ndiyo sababu machozi yake si ya kudharauliwa, hata pale ambapo jibu lenu litabaki kuwa hapana.

Sasa tuzitazame sherehe. Nguo za kulalia, soksi zisizofanana, siku ya kuvaa kama pacha na rafiki, siku ya rangi za shule: hizi ni siku za wiki ya hamasa, ambayo karatasi za shule huiandika Spirit Week. Hazina mizizi katika dini yoyote wala katika mizimu. Zinalenga kuchangamsha wanafunzi kabla ya mchezo mkubwa au kabla ya likizo, na anayevaa nguo zake za kawaida haulizwi. Msinunue kitu chochote kwa ajili yake. Ikiwa binti anataka kuwa pamoja na wenzake, siku ya rangi za shule inatosha, kwa sababu fulana moja ya rangi hiyo itatumika miaka yote mitatu.

Mwishoni mwa Oktoba kuna mkanganyiko unaowapata wazazi wengi, na nadhani umewapata na ninyi. Kuanzia tarehe 23 hadi 31 Oktoba shule nyingi huadhimisha wiki ya utepe mwekundu, Red Ribbon Week, nayo ina siku zake za mavazi: leo vaa nyekundu, kesho vaa soksi za ajabu, keshokutwa vaa kofia. Kwa kuwa inaishia siku ileile ya Halloween, wazazi huzikataa zote wakidhani ni kitu kimoja. Wiki hiyo ni kampeni dhidi ya dawa za kulevya. Ilianza kwa kumkumbuka Enrique Camarena, ofisa wa idara ya Marekani ya kupambana na dawa hizo, aliyetekwa na kuuawa nchini Mexico mwaka 1985. Watu wa mji aliokulia wa Calexico, California, walivaa utepe mwekundu kwa heshima yake, na desturi ikaenea nchi nzima. Sidhani mzee wa kanisa atakuwa na neno dhidi ya binti kuvaa nyekundu kwa sababu hiyo.

Halloween yenyewe, tarehe 31 Oktoba, ni jambo jingine, na familia zinatofautiana. Wapo Wakristo wanaoiona kama mchezo wa watoto na pipi, na wapo, Wamarekani kwa wageni, wanaoikataa kwa sababu ya picha zake za vifo na wachawi. Kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba pipi hufanyika jioni mtaani na hakuihusu shule. Shuleni huwa ni vazi na pengine sherehe fupi ya mchana, na katika shule ya kati mara nyingi hata hiyo haipo. Baadhi ya wilaya za shule zimeibadilisha ikawa sikukuu ya mavuno ya vuli isiyo na vinyago. Mkikataa, kataeni kwa maandishi siku chache kabla, mkiomba binti akae maktaba saa ya sherehe. Nawasihi msimzuie nyumbani siku hiyo. Majimbo mengi yana siku za masomo zipatazo 180 kwa mwaka, na mtoto anayekosa asilimia 10, yaani siku 18, huingizwa katika hesabu ya watoro sugu, hata kama kila siku aliyokosa ilikuwa na sababu. Siku hizo zitunzieni ugonjwa.

Thanksgiving huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1941, nayo ni siku ya kushukuru na kula pamoja; shuleni huonekana zaidi katika ukusanyaji wa vyakula vya makopo kwa ajili ya wenye uhitaji. Msione aibu ikiwa mshauri wa wanafunzi atawauliza kama mngependa kupokea kikapu cha vyakula hivyo. Familia iliyofika mwaka jana ina haki ya kukipokea, na mwaka mwingine mtachangia ninyi.

Tamasha la Desemba huitwa la majira ya baridi kwa sababu shule ya serikali ina watoto wa dini zote. Huweza kuwa na nyimbo za Krismasi ndani yake, pamoja na za Hanukkah, sikukuu ya Wayahudi, na nyingine zisizo na dini kabisa. Kwa familia ya kanisa sioni tatizo. Kwa msomaji Mwislamu mwenye swali hilohilo, inawezekana mtoto akabaki katika kwaya na akaomba asiimbe wimbo mmoja au miwili. Mwalimu akiambiwa Oktoba atalipanga bila shida, lakini akiambiwa asubuhi ya tamasha hatakuwa na la kufanya.

Kisha kuna Kwanzaa, ambayo huenda ikamletea binti yako maswali asiyotarajia. Ni sherehe iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966 kwa ajili ya Wamarekani weusi, huadhimishwa tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, na misingi yake saba inatajwa kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Walimu wema, wakisikia kwamba binti anazungumza Kiswahili, hudhani ni sherehe aliyokua nayo, na humwomba aieleze darasani. Mfundisheni ajibu kwa heshima kwamba kwao Uvira haikuwepo, lakini maneno hayo anayafahamu na anaweza kuyatamka vizuri. Mtoto ambaye wiki nzima amekuwa wa mwisho kuelewa Kiingereza atakuwa, kwa dakika kumi, ndiye anayejua kuliko wote chumbani, na hilo kwa mgeni ni jambo kubwa.

Januari, Jumatatu ya tatu, shule hufungwa kwa ajili ya Martin Luther King. Februari ni mwezi wa historia ya watu weusi, uliokua kutoka kwenye wiki aliyoianzisha mwanahistoria Carter G. Woodson mwaka 1926. Ningependa binti yako ashiriki maonyesho na insha za mwezi huo kwa moyo wote, kwa sababu katika nchi hii historia hiyo itamhusu awe ameisoma au hajaisoma. Katika mwezi huohuo kuna Valentine, tarehe 14, ambayo katika shule ya kati ni ya kuuziana maua na pipi zenye vikadi. Siipendi sana, kwa kuwa inawaumiza wasioletewa, na mkiipita hamtakosa chochote.

Dansi mliyoandikiwa pengine haifanani na mnayoifikiria. Katika shule ya kati huwa ndani ya ukumbi wa michezo, mara nyingi mara tu baada ya masomo au jioni mapema kwa saa mbili hivi, wanaingia wanafunzi wa shule hiyo peke yao, na walimu na wazazi wa kujitolea husimama humo muda wote. Mzazi mwenye shaka anaweza kujiandikisha kuwa mmoja wa hao wa kujitolea. Wilaya nyingi hudai kwanza fomu ya uchunguzi wa rekodi za polisi, ambayo huweza kuchukua wiki kadhaa kujibiwa, kwa hiyo ijazwe mwanzoni mwa mwaka. Baba akienda mara moja, akasimama karibu na meza ya maji na kutazama, atatoa uamuzi kwa aliyoyaona, na binti ataupokea uamuzi huo kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu sheria, jueni kwamba mko mahali salama. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyoletwa na familia za Mashahidi wa Yehova kutoka West Virginia, kwamba shule ya serikali haiwezi kumlazimisha mtoto kuisalimu bendera na kutamka kiapo chake. Mwaka 1963 iliamua kwamba shule hizo zinaweza kufundisha kuhusu dini kama sehemu ya elimu, lakini haziwezi kuendesha ibada. Na kesi ya mwaka 1992 ilitokana na mahafali ya shule ya kati, huko Providence, Rhode Island, ambako mkuu wa shule alimwalika kiongozi wa dini aombe mbele ya wanafunzi. Mahakama ilisema shule haiwezi kupanga sala ya namna hiyo, kwa sababu mtoto hana uhuru wa kweli wa kuikwepa siku kama hiyo. Wapo watu wa kanisa wanaohuzunishwa na uamuzi huo. Lakini kanuni inayomzuia mkuu wa shule kumpangia binti yenu sala ya dini nyingine ndiyo inayomzuia pia kumlazimisha katika desturi msiyoitaka. Sheria hizi ni za shule za serikali. Shule binafsi ina kanuni zake.

Kuna upande wa pili ambao baba atafurahi kuujua. Sheria ya mwaka 1984 inasema kwamba shule ya sekondari inayopokea fedha za serikali kuu, ikiruhusu klabu za wanafunzi zisizohusiana na masomo, haiwezi kuikataza klabu kwa sababu ni ya dini, mradi iongozwe na wanafunzi wenyewe na iwe ya hiari. Kila jimbo ndilo linaloamua kama shule ya kati inahesabiwa kuwa sekondari. Katika shule nyingi za kati kuna kikundi cha wanafunzi Wakristo kinachokutana asubuhi kabla ya kengele au saa ya chakula, na katika baadhi kuna cha Waislamu. Binti anaweza kujiunga, na kama hakipo anaweza kumwomba mkuu wa shule akianzishe pamoja na wenzake.

Nakuja sasa kwenye shughuli, ambako ndiko ningependa mtumie nguvu zenu.

La kwanza ni bendi au okestra. Watoto wa hapa huanza ala darasa la tano au la sita, na darasa la sita ndilo mwalimu anapoanza na asiyejua kitu: namna ya kushika klarineti, namna ya kupuliza tarumbeta, namna ya kusoma noti. Mtoto akianza sasa anafuatana na wenzake. Akitaka kuanza darasa la tisa, bendi ya sekondari mara nyingi haina darasa la wanaoanza. Ala ni ghali, na maduka huzikodisha kwa mwezi kwa mkataba unaojisasisha wenyewe. Kabla ya kutia saini mkataba wowote dukani, mwulizeni mwalimu wa muziki kama shule ina ala za kuazima. Mara nyingi zipo kabatini, hasa zile kubwa ambazo hakuna anayetaka kuzibeba kwenye basi. Kwa familia inayotoka kanisa lenye kwaya, kama makanisa yetu mengi, mtoto wenu huenda ana sikio lililokwisha kufunzwa bila ninyi kujua.

La pili ni timu. Sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kama Title IX inazitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu ziwape wasichana nafasi sawa katika michezo, na ndiyo sababu kuna timu za wasichana za mpira wa wavu, kikapu, mpira wa miguu na mbio. Kwa mtoto aliyefika karibuni napendekeza mbio, kwa kuwa kwa kawaida hakuna anayeachwa nje ya timu ya mbio za nyika au riadha kwa sababu ya kutokuwa hodari, na vifaa ni viatu tu. Ikiwa tatizo ni kaptula, mwambieni kocha. Suruali ndefu ya kubana chini yake ni jambo la kawaida, na makocha wamezoea maombi hayo kwa watoto wa Kikristo na wa Kiislamu. Atahitaji fomu ya uchunguzi wa afya ya michezo iliyojazwa na daktari. Uchunguzi mliofanyiwa mlipofika nchini kama wakimbizi hauchukui nafasi yake, hata kama ulikuwa wa kina.

La tatu ni mashindano ya masomo. MATHCOUNTS ni ya hesabu, ilianza mwaka 1983 na ni kwa ajili ya darasa la sita hadi la nane pekee. Mashindano ya taifa ya kuendeleza maneno ya Kiingereza, yaani kutaja herufi zake moja moja, yaitwayo Scripps, hayaruhusu mwanafunzi aliyepita darasa la nane. Mwaka 2021 yalishindwa na Zaila Avant-garde wa Louisiana, msichana mweusi wa miaka 14 aliyekuwa darasa la nane, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani weusi kuyashinda. Mtoto aliyesoma Nyarugusu kwa mtaala wa Kongo ana Kifaransa, na maneno mengi magumu ya Kiingereza yametoka huko. Asiogope kujaribu darasani kwake.

Kuhusu fedha, jibu linategemea jimbo. California, kwa mfano, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwaka 1984 kwamba shule za serikali haziruhusiwi kutoza ada kwa shughuli za nje ya darasa. Majimbo mengine huruhusu ada, lakini wilaya nyingi zina msamaha kwa familia za kipato kidogo. Msamaha huo mara nyingi hufungamanishwa na chakula cha bure, na hapo pana tatizo ambalo haliandikwi kwenye karatasi: shule nyingi sasa huwapa chakula cha bure wanafunzi wote, kwa hiyo familia haijazi fomu ya chakula na haina ushahidi wa kipato chake. Ombeni ofisini fomu ya mapato ya kaya, mjaze mara moja mwanzoni mwa mwaka, muweke nakala. Nayo itatumika kwa ada ya timu, safari za kimasomo na hata kitabu cha picha cha mwisho wa mwaka, pale wilaya inapokubali.

Sanduku la chokoleti ni uchangishaji fedha wa hiari. Someni karatasi yake vizuri, kwa sababu kwa kawaida mzazi anayetia saini ya kulipokea anakubali kudaiwa thamani ya sanduku zima, chokoleti zikiuzwa au zisiuzwe, zikiliwa au zikiyeyuka. Mnaweza kulirudisha bila kulifungua. Shughuli ya mtoto haipaswi kutegemea mauzo hayo, na mkisikia kinyume chake, ulizeni kwa maandishi.

Sasa barua ya kuiandikia shule. Mnaweza kuiandika kwa Kiswahili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu ina wajibu, unaotokana na Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, wa kuwafikishia wazazi habari muhimu kwa lugha wanayoielewa, na kuwapatia mkalimani bila malipo. Mkalimani huyo asiwe binti yenu. Mtoto wa miaka 12 hapaswi kubeba mazungumzo kati ya baba yake na mkuu wa shule, hasa mazungumzo yanayomhusu yeye mwenyewe. Na kama babu au nyanya anayekuja naye mkutanoni anaelewa zaidi Kibembe, Kifuliru au Kinyamulenge, semeni hivyo mapema, kwa sababu ofisi ikisikia Kongo huweza kuleta mtu wa Kifaransa au Kilingala. Barua yenyewe iwe fupi, mfano huu:

"Kwa mwalimu na mkuu wa shule. Sisi ni wazazi wa mwanafunzi wa darasa la sita. Kwa sababu za dini yetu, tunaomba asishiriki sherehe ya Halloween tarehe 31 Oktoba. Atakuja shule siku hiyo, na tunaomba akae maktaba saa ya sherehe. Tunapenda ashiriki wiki ya utepe mwekundu, tamasha la kwaya, klabu na timu ya mbio. Tunaomba mkalimani wa Kiswahili kwa mkutano wowote, na tunaomba kujua kama kuna msamaha wa ada na basi la jioni kwa wanaobaki baada ya masomo. Asante."

Angalieni kwamba barua inayokataa jambo moja inataja mengine yaliyokubaliwa. Bila hivyo, mwalimu mwangalifu anaweza kudhani familia hii haitaki chochote, na kwa kuogopa kuwakosea ataacha kumwalika mtoto hata kwenye mashindano ya hesabu. Kumbukeni pia kuulizia basi la jioni kabla ya kukubali klabu, kwa kuwa shule nyingine hulitoa siku mbili au tatu tu kwa wiki, na mtoto aliyebaki siku isiyo na basi ataitisha gari ambalo pengine hamna.

Jioni ya mataifa, ambayo shule nyingi huandaa katika majira ya kuchipua, mkiweza nendeni nyote. Vaeni vitenge vyenu. Chakula cha kupelekwa darasani mara nyingi hutakiwa kiwe cha dukani chenye orodha ya viambato, kwa sababu ya watoto wenye mzio wa karanga na vinginevyo, lakini jioni hiyo shule nyingi hukubali cha nyumbani; ulizeni kwanza kabla hujakaanga sambusa za watu mia.

Katika wiki hii ningeanza na karatasi ya timu ya kukimbia. Pigeni simu ofisini, muombe mkalimani, muulize ni mbio za nyika, ambazo huwa za vuli, au riadha ya uwanjani, ambayo huanza mwishoni mwa majira ya baridi. Kisha mpangeni miadi katika kliniki ya jamii, kwa sababu nafasi huweza kuchukua wiki nyingi na kocha hawezi kumruhusu kukimbia bila fomu ile hata mazoezini. Fomu ikishajazwa kwa kawaida hutumika mwaka mzima kwa timu yoyote, kwa hiyo ibebeni mkononi wenyewe hadi ofisini na muombe nakala yenye tarehe waliyoipokea.